Kope za Mchina na kope za Mmalei: tofauti iko wapi?

Kuanzia Kolwezi mpaka Likasi, Fungurume na Lubumbashi, watu wa hapa wanafanya kazi pamoja na Wachina tangu miaka mingi. Tunapanda kamyo moja, tunavaa kaske ya rangi moja, tunameza mavumbi ya namna moja. Lakini mazungumzo juu ya macho yao hayaishi. Kwenye kare, kwenye foleni ya kuuzisha minerai, nyumbani mbele ya televizio, utasikia tu: "Bachina bote banafanana." Ao: "Ule shefu iko anaangalia ao iko analala?" Na watoto wanavuta ngozi ya macho kwa vidole viwili, wanacheka.

Basi tujiulize kama watu wakubwa: jicho la Mchina liko tofauti kwa kitu gani? Ni jicho lenyewe, ao ni ngozi tu? Analiona jua sawa na sisi? Na sababu gani watoto wengine wa hapa hapa wanazaliwa na macho yanayofanana na yake?

Ukilinganisha Mchina na Mkongomani, unapotea haraka, kwa sababu rangi na nywele zinakuvuta macho mbali na kope. Afadhali kumulinganisha na jirani yake. Kwa hiyo leo tunakwenda Malesia na Singapuri, kusini-mashariki mwa Asia, mahali Wachina na Wamalei wanaishi mlango kwa mlango. Wamalei ni wenyeji wa kule, wenyewe wanajiita Melayu. Hapa tutaandika Wamalei, kusudi mtu asichanganye na lile neno la Kiswahili ambalo mama hataki kulisikia nyumbani.

BATI NDILO LILIWAKUTANISHA

Wachimbaji watapenda kujua kwamba Wachina wengi walifika katika inchi ya Wamalei kwa sababu ya mgodi. Katika jimbo la Perak kuna bati, ile ile kasiterite ambayo wazee wetu wa Manono wanaijua vizuri. Katika miaka ya 1840 mkubwa mmoja wa Kimalei, jina lake Long Jaafar, alifungua machimbo ya bati huko Larut, na akaleta Wachina kuchimba. Wengi walitoka kusini mwa China, majimbo ya Guangdong na Fujian. Walifika maskini, wenye madeni ya tikiti ya meli, wakachimba kwa jembe na kubeba udongo kwa vikapu juu ya mabega.

Haikuwa kazi ya amani. Kati ya 1861 na 1874 vyama viwili vya Wachina wenyewe, Ghee Hin na Hai San, vilipigana vita juu ya machimbo na maji ya kuoshea bati. Wakubwa wa Kimalei nao waligawanyika. Waingereza walitumia nafasi hiyo, wakafanya mapatano ya Pangkor mwaka 1874 na kuanza kutawala Perak. Kisha bonde la Kinta likafunguka, muji wa Ipoh ukakua kwa mali ya bati, na kufika mwisho wa karne ya 19 inchi hiyo ilikuwa inatoa bati nyingi kupita zote ulimwenguni. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka, migodi mingi ikafungwa. Wachimbaji wa hapa hawana haja ya kuelezwa bei kuanguka maana yake nini.

Migodi ilifungwa, lakini watu walibaki. Leo katika Malesia, Wamalei ndio wengi, na Wachina ni zaidi kidogo ya mtu mmoja kwa watano. Singapuri ni kinyume: watu watatu kwa wanne ni Wachina, na Wamalei wako kama 13 ao 15 kwa mia. Kwa hiyo munganga wa macho wa Kuala Lumpur ao wa Singapuri, kwa siku moja tu, anapokea Mchina, anapokea Mmalei, na kisha Muhindi. Hana ruhusa ya kusema "watu wa Asia wote ni sawa". Anapaswa kujua kila kope imejengwa namna gani, kwa sababu kesho atashika kisu juu yake.

NDANI YA KOPE

Tuingie sasa ndani ya kazi. Kope ya juu si ngozi tu. Iko na tabaka nyingi, sawa na ukuta wa mgodi ukiuangalia kutoka juu mpaka chini.

Mbele kabisa kuna ngozi. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kupita zote za mwili. Chini yake kuna msuli wa mviringo unaofunga jicho. Huo ndio unaofanya kazi ukipepesa, na mtu anapepesa kama mara 15 kwa dakika. Nyuma ya msuli huo kuna ukuta mwembamba sana, kama kitambaa, na nyuma ya kitambaa hicho kuna mafuta. Ndiyo, katika kope ya kila mtu kuna mafuta, hata mtu mwenye njaa. Nyuma ya mafuta ndiyo tunakuta msuli wa kufungua: unaanzia ndani kabisa ya tundu la jicho, unakuja mbele, na mwisho wake unapanuka kuwa kano pana, kama kamba iliyofumuliwa nyuzi. Kano hiyo inashika kibamba kigumu kidogo kilicho pembeni ya nywele za kope. Kibamba ndicho kinaipa kope umbo lake.

Fikiri bashi ya kamyo. Ukivuta kamba, bashi inapanda. Kama kamba imefungwa kwenye ukingo wa chini tu, bashi inapanda yote pamoja, bila kujikunja katikati. Lakini kama kamba iko pia na nyuzi ndogo zilizoshonwa katikati ya bashi, ukivuta, pale katikati panaingia ndani na kufanya mkunjo.

Kope ni vile vile. Kwa mtu mwenye mkunjo, zile nyuzi ndogo za kano zinapita katikati ya msuli wa mbele na kushika ngozi. Anapofungua jicho, ngozi inavutwa ndani pale nyuzi ziliposhika, na mstari unaonekana juu ya jicho. Kwa mtu asiye na mkunjo, nyuzi hizo hazifiki kwenye ngozi, ao zinafika chache na dhaifu. Tena kile kitambaa chembamba kinaungana na kano chini zaidi, kwa hiyo mafuta yanashuka chini, karibu na nywele za kope, na yanazuia nyuzi kufika kwenye ngozi. Kope inaonekana imejaa, laini, bila mstari.

Hiyo ndiyo siri yote. Jicho lenyewe haliko dogo. Tunda la jicho la Mchina, la Mmalei na la Mkongomani yanakaribia kuwa na ukubwa mmoja. Kinachobadilika ni namna pazia limefungwa.

Kuna kitu cha pili, kwenye kona ya ndani, upande wa pua. Angalia jicho lako katika kioo: utaona kinyama chekundu kidogo pale kona. Kwa watu wengine, ngozi ya kope ya juu inashuka mpaka chini na kukifunika kinyama hicho, kidogo ao chote. Ngozi hiyo ndiyo inafanya macho yaonekane yako mbali moja na lingine, na yamelala kwa upana. Inakwenda pamoja na mzizi wa pua ulio chini: pua ikiwa haijainuka pale katikati ya macho, ngozi inabaki nyingi na kufunika kona.

MCHINA NA MMALEI MBELE YA MUNGANGA

Tukiwaweka sasa wawili hawa karibu, tunaona nini?

Kwa Wachina, mara nyingi inasemwa kwamba karibu nusu hawana mkunjo, na nusu wako nao. Soma tena: nusu wako nao. Yule Mchina ambaye sisi tunamchora kichwani, mwenye kope bila mstari, ni nusu tu ya Wachina. Hata kwa wale wenye mkunjo, mara nyingi mkunjo unakaa chini, karibu na nywele za kope, na kwenye kona ya pua unajificha chini ya ile ngozi ya kona. Kibamba cha kope nacho ni kifupi kidogo: kwa watu wa mashariki ya Asia kiko na urefu wa kama milimita 8 ao 9, na kwa Wazungu kinafika 10 na kupita.

Kwa Wamalei, mkunjo unaonekana kwa watu wengi zaidi kuliko kwa Wachina, na ile ngozi ya kona inapatikana mara chache zaidi, ao ni ndogo. Ndiyo maana uso wa Mmalei unaonekana na macho yaliyofunguka zaidi. Sababu iko katika historia yao. Lugha ya Kimalei ni ya familia moja kubwa ya lugha za visiwa, ambayo ilianza kusambaa toka upande wa Taiwan miaka elfu nyingi iliyopita, na ikafika hata Madagaska, karibu yetu huku Afrika. Njiani watu hao walichanganyika na wenyeji wa zamani wa kusini-mashariki ya Asia. Kisha katika bandari za biashara waliingia Wajava, Wabugi, Waarabu, Wahindi. Damu nyingi, sura nyingi.

Lakini usichukue karatasi na kupiga mstari katikati. Kuna Wamalei wengi wasio na mkunjo, na Wachina wengi wenye mkunjo mzuri kabisa. Kuna mtu mwenye mkunjo kwenye jicho la kuume na hana kwenye la kushoto. Kuna kijana aliyezaliwa bila mkunjo, ukafika akiwa na miaka kumi na kitu. Kuna mzee ambaye mafuta yalipungua na uzee, mkunjo ukatoka. Tena huko Malaka kuna familia za Baba na Nyonya, ambazo babu zao Wachina walikaa na Wamalei tangu karne nyingi, wakachukua chakula chao na lugha yao. Mtu wa familia hiyo, kope yake utaiweka upande gani?

Sasa, sababu gani wanganga wanapima vitu hivi kwa milimita? Juu ya kazi ya kisu. Kuna kope inayoanguka na kufunika mboni, kuna kope ya chini inayogeuza nywele kuelekea jicho na kulikwaruza, ugonjwa unaopatikana sana kwa watoto wa mashariki ya Asia. Na kuna watu wanaotaka kutengenezewa mkunjo. Munganga Mjapani, Mikamo, ndiye aliandika wa kwanza juu ya kazi hiyo, mwaka 1896. Leo ni moja ya operasio za urembo zinazofanyika sana katika China, Korea na Singapuri. Munganga akishona mkunjo wa Mchina mahali mkunjo wa Mzungu unakaa, anaharibu sura ya mtu: mstari unakuwa juu mno, na mgonjwa anabaki kama mtu aliyeshtuka siku zote. Vile vile hatamshona Mmalei kwa kipimo cha Mchina.

Kupima kwa namna hiyo ni kwa kuponya. Sisi wa pande hizi tunajua pia kupima kwa namna nyingine. Jirani yetu Rwanda, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, watu walipimwa pua na urefu, kisha katika miaka ya 1930 kabila likaandikwa kwenye karte ya mtu. Mwaka 1994 karte hizo hizo zilitumiwa kwenye barriere kuchagua nani auawe. Kwa hiyo mtu akianza kusema "macho yake yako hivi, basi roho yake iko hivi", tumuzuie mapema.

MANENO MANNE YASIYO YA KWELI

"Anaona kidogo." Hapana. Mboni ya Mchina mwenye afya haifunikwi na kope yake. Kope bila mkunjo inapanda sawa na nyingine. Anaona mbele, pembeni na chini sawa na wewe. Ile operata wa mashini anayerudisha kamyo nyuma, hesabu kwamba anakuona vizuri, na kama hakukuona sababu ni pembe isiyoonekana ya kamyo, haiko kope.

"Analala, ao amekasirika, ao anaficha kitu." Tumezoea kusoma uso wa mtu kwenye kope: zikishuka, tunasema usingizi ao hasira. Kwa mtu mwenye kope iliyojaa, jicho lililo macho kabisa linaonekana kwetu kama linashuka. Kosa ni la msomaji, barua iko sawa. Mambo ya kazi, kama mshahara ao usalama, tuyaulize kwa mdomo na kwa karatasi, tusiyatafute kwenye macho ya shefu.

"Ni juu ya baridi na upepo wa kwao." Maneno hayo yako hata katika vitabu vya zamani: eti mafuta ya kope yanalinda jicho na theluji. Hakuna aliyeyahakikisha. Na Wasani wa jangwa la Kalahari, Waafrika wenzetu, wako na ngozi ya kona ya jicho pia, na kwao haina theluji.

"Wote wanafanana." Mtu ambaye hakukua kati ya watu wa sura fulani, ubongo wake haujajifunza alama zao. Mchina aliyefika Kolwezi wiki iliyopita naye anasema sisi wote tunafanana. Akikaa miaka miwili, atajua kila mmoja kwa jina. Sisi vile vile.

MTOTO WA HAPA MWENYE MACHO HAYO

Sehemu hii inaangalia familia, na tunaomba bamama na bababa waisome polepole.

Kwanza, watoto wachanga wengi wa kila taifa wako na ile ngozi ya kona kidogo, kwa sababu mzizi wa pua haujainuka. Pua ikikua, ngozi inavutika na kupotea. Kwa hiyo kichanga chenye macho ya namna hiyo hakishuhudii chochote juu ya tabia ya mama yake. Baba, usianzishe kesi juu ya pua ambayo haijamaliza kukua.

Pili, wako kweli watoto wa damu mbili. Katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980, Wajapani walichimba shaba huko Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia. Wengine walizaa na wanawake wa hapa, kisha wakarudi kwao, watoto wakabaki. Leo ni watu wazima, Wakatanga kamili, na wamechoka kuitwa majina juu ya macho yao. Kwa watoto wa namna hiyo kope haina kanuni moja: katika nyumba moja mkubwa anaweza kupata mkunjo, mdogo wake akakosa. Damu haigawanywi kwa kilo. Wale wanaozaliwa sasa, wasipitie njia ile ile ya majina na vicheko.

Tatu, kuna mtoto anayeitwa bado "mongolien". Neno hilo lina historia mbaya. Mwaka 1866 munganga Mwingereza, John Langdon Down, aliona watoto wenye akili inayokwenda polepole, wenye ngozi ya kona na macho yaliyoinuka kidogo. Akasema wanafanana na watu wa Mongolia, kama vile ugonjwa ni kurudi kwenye taifa la chini. Yalikuwa matusi kwa watoto na kwa taifa zima. Mwaka 1959 huko Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walionyesha sababu ya kweli: katika chembe za mwili za mtoto huyo kuna kromozomu ya 21 mara tatu, pahali pa mbili. Mongolia iliomba neno hilo liachwe, na mwaka 1965 Shirika la Afya Ulimwenguni likaliacha. Jina sahihi ni trizomia 21.

Trizomia 21 inapatikana kwa Wachina, kwa Wamalei, kwa Wazungu na kwa sisi. Haitoki kwa Mchina, haitoki kwa uchawi, haitoki kwa mama kutembea. Alama yake haiko jicho peke yake: mwili unakuwa laini, shingo fupi, ulimi unatoka, na mara nyingi kiganja kiko na mstari mmoja. Na hapa ndipo kuna jambo la haraka: karibu nusu ya watoto hao wanazaliwa na kasoro ya moyo. Wakati watu wa kitongoji wanabishana juu ya macho, moyo wa mtoto unachoka. Mpeleke hospitali wasikilize moyo wake. Mtoto huyo anaweza kujifunza kutembea, kusema, kusaidia nyumbani, akipata watu wa kumfundisha kwa uvumilivu.

NYUMA YA KOPE

Tofauti kubwa kwa afya haiko juu ya kope. Iko nyuma yake, mahali hatuoni.

Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa kila wakati na kutoka kupitia njia ndogo iliyo pembeni. Njia ikiziba, presha ya jicho inapanda na kuua mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Ugonjwa huo ni glakoma. Uko wa namna mbili kubwa.

Kwa Wachina, hasa wamama wenye umri, nafasi ya mbele ya jicho mara nyingi ni nyembamba, na njia inaweza kufungwa kwa mara moja: jicho linakuwa jekundu, linauma sana, taa inaonekana na duara la rangi, mtu anatapika. Ni hospitali siku ile ile. Wanganga wa Singapuri walipowachunguza Wamalei wa muji wao, walikuta glakoma ya namna hiyo ni chache kwao kuliko kwa Wachina. Kuona mbali vibaya nako ni kwingi zaidi kwa watoto Wachina wa kule kuliko kwa Wamalei, na wanganga wanalaumu masaa mengi juu ya vitabu na machache nje kwenye mwanga wa jua.

Na sisi? Sisi Waafrika weusi tuko na namna ya pili zaidi: njia iko wazi kwa kuangalia, lakini maji yanatoka vibaya, polepole. Haiumi. Haileti wekundu. Inakula pembeni za macho mwaka kwa mwaka, na mtu anashtuka wakati anaona tu katikati, kama mtu anayeangalia kupitia bomba. Kwetu inaanza mapema na inakwenda haraka. Dawa ya matone inaweza kusimamisha, haiwezi kurudisha kilichopotea. Ukifika miaka 40, omba wapime presha ya macho. Kama baba, mama ao ndugu yako alipofuka kwa ugonjwa huo, usingoje 40. Basi yule anayecheka kope za Mchina, jicho lake mwenyewe limepimwa siku gani?

LUNETTI ZA KAZI

Tumalize kwenye shantie. Lunetti za kulinda macho zinatengenezwa kwa kipimo cha uso fulani. Zamani kipimo kilikuwa cha uso wa Mzungu, mwenye mzizi wa pua mrefu. Mchina akizivaa zinateleza, na nafasi inabaki wazi pembeni ya pua. Wengi wetu tuko na shida ile ile, kwa sababu mzizi wa pua yetu nao uko chini na mpana. Kwa pua, sisi na wao tuko karibu kuliko tunavyofikiri.

Kwa hiyo usipokee lunetti kwa sababu tu ni mpya. Zivae, inama, tikisa kichwa. Zikishuka, haziko zako. Pitisha kidole pembeni ya pua na chini ya jicho: pahali kidole kinapita, kipande cha chuma cha mashini ya kukata ao tone la asidi litapita pia. Omba zenye vitegemeo vya pua vinavyokunjika, ao zile za kufunika zenye mpira na kamba. Wawakilishi wa wafanyakazi wanaweza kuliweka jambo hili kwenye meza: saizi nyingi, si moja kwa wote.

Asidi ao chokaa vikiingia, usingoje ambulansi. Fungua kope kwa vidole na umwage maji safi dakika 15 ao zaidi, kisha hospitali. Usitie maziwa ya mama, usitie majani. Kama ni kipande cha chuma, usisugue, usijaribu kukitoa kwa kitambaa. Funika jicho bila kulibana na uende.

Wakati wa kumwaga maji, mwenzako ndiye atakushikia kope, kwa sababu mwenye kuungua hawezi kuzifungua mwenyewe. Pengine mwenzako huyo atakuwa Mchina, pengine wewe ndiye utashika kope zake. Ziwe na mkunjo ao zisiwe nao, zishike namna moja: vidole safi, moja juu, kingine chini, na maji yasisimame.